Nyumba Iliyoshikana na ya Mair

Gerezani, 11 Novemba 2018

Nerys mke wangu,

Barua yako imefika, soksi zimekwama getini. Wanasema rangi ile hairuhusiwi. Sasa kuna askari mmoja hapa ana miguu yenye joto, na si mimi.

Najua unachoka kuandika, lakini simu ya huku iko ukumbini, na ukiishika tu, wanaume ishirini wanakaa nyuma yako kukupa ushauri wa ndoa. Nawe huwezi kupokea simu yangu ukiwa nyumbani, kwa kuwa Mair anasikia kila neno upande wa pili wa ukuta. Basi tuendelee na kalamu.

Nina jambo. Dilwyn, huyu ninayekaa naye selo moja, amesoma gazetini kwamba mwisho wa Januari serikali yetu hapa Wales inafunga mlango: mpangaji wa nyumba ya halmashauri hatakuwa tena na haki ya kuinunua. Anayetaka apeleke maombi kabla ya siku hiyo, au anyamaze maisha yake yote. Nerys, tumepanga nyumba ile miaka ishirini na sita. Kila ukuta nimeupiga plasta kwa mkono wangu mwenyewe, mpaka ule wa chooni ambao halmashauri walisema si kazi yangu. Bustani ni ya mkono wako. Tumelipa kodi ya kutosha kuijenga upya.

Nakuomba uchukue fomu. Najua ni nani anayeishi mlango wa pili, na sijasahau hata siku moja nilichomfanyia. Mwanawe Osian nilimuua mimi, niliyeshika usukani nimelewa. Hukumuua wewe. Hakuna anayestahili kukuondoa kwenye nyumba yako kwa kosa langu.

Niandikie upesi.

Gethin

*

Cwm Helyg, 20 Novemba 2018

Gethin,

Fomu nimeichukua. Iko juu ya friji, chini ya sumaku ya kondoo, na kila nikifungua kuchukua maziwa inaniangalia.

Huku mvua. Kazini, pale makao ya wazee, tumepata mashine mpya ya kufulia, inapiga kelele kama treni, na wazee wanalalamika kwamba mashuka sasa yanakwaruza. Nimeambiwa nizungumze na mashine.

Kuhusu nyumba sijui niseme nini. Unasema nyumba, mimi naona nusu ya nyumba, kwa sababu nusu ya pili ni ya Mair na katikati kuna tofali moja tu. Akipiga chafya nakaribia kumwambia pole. Mwezi uliopita alikuwa anahamisha vitu chumba cha Osian, nikasikia kitanda kinavutwa kutoka dirishani mpaka mlangoni, halafu kinarudishwa palepale kilipokuwa.

Salamu bado haitikii. Tukikutana kwenye njia ya geti, mmoja wetu hujifanya amesahau kitu ndani.

Sina maana ya kukuvunja moyo. Nauliza tu: tusiponunua itakuwaje? Si tutaendelea kulipa kodi kama watu wengine?

Soksi nyingine nimenunua nyeusi.

Nerys

*

Gerezani, 29 Novemba 2018

Mke wangu,

Usiponunua, siku yoyote atakuja mtu wa halmashauri na faili kwapani akwambie mama, hapa hapafai tena, tunakupeleka kwingine. Wanaweza. Mpangaji ni mgeni mwenye funguo. Ukinunua, hakuna wa kukugusa. Utakaa pale mpaka uzeeke, utapanda vitunguu vyako, na mvua ikinyesha itakuwa inanyeshea paa lako.

Zile hela alizoacha mama yangu zipo kwa kaka yangu Emrys, hazijaguswa. Nimeshamwandikia. Kilichobaki utapewa mkopo kwa mshahara wako, Emrys amekwenda kuuliza benki akaambiwa inawezekana. Punguzo la wapangaji wa zamani nalo si haba.

Najua unaipenda nyumba ile. Nakumbuka siku tuliyopewa ulivua viatu mlangoni kana kwamba umeingia kanisani, na ndani hakukuwa na hata zulia. Mimi nimekunyang'anya vingi, Nerys. Jirani, marafiki wa kwaya, jina. Acha niseme kwamba kitu kimoja nilikuachia.

Jibu ndiyo.

Gethin

*

Cwm Helyg, 14 Desemba 2018

Gethin,

Ndiyo.

Fomu naituma na barua hii. Weka sahihi pale nilipochora msalaba kwa penseli, maana upangaji una majina mawili na kununua kutakuwa kwa majina mawili. Usiandike kwa ile kalamu yako inayovuja.

Bi Heledd wa ofisi ya nyumba ya halmashauri alipita hapa wiki hii. Mambo ya kawaida. Nilimpa chai na vikeki vya zabibu, akala vinne.

Kanisani kulikuwa na nyimbo za Krismasi. Nilikaa nyuma, Mair mbele. Alipogeuka kumpa mtu kitabu cha nyimbo macho yetu yakakutana, na nilishindwa kuyaondoa, naye pia. Sijui tulitazamana kwa muda gani. Halafu kinanda kikaanza.

Nakula vizuri, usiniulize tena. Krismasi nitakuwa kwa Emrys. Nyumbani naona kutakuwa na ukimya mwingi pande zote mbili.

Nerys

*

Gerezani, 5 Januari 2019

Mke wangu mpenzi,

Nimetia sahihi. Dilwyn alikuwa shahidi wa macho, ingawa hakuna aliyemwomba, na akasema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekunywa bia. Bahasha imeondoka leo asubuhi. Nilisimama kwenye kidirisha nikaangalia gari la posta mpaka likakata kona.

Sijalala vizuri hivi tangu nilipoingia humu. Nisikilize: kitasa cha mlango wa nyuma usikibadilishe hata wakikwambia, ni cha shaba nzuri. Na bomba la jikoni likivuja, chini ya sinki kuna koki. Igeuze kulia, usiogope. Mambo haya ni vizuri uyajue mwenyewe.

Asante, Nerys. Hujui umenifanyia nini.

Gethin

*

Cwm Helyg, 2 Juni 2019

Gethin,

Imekwisha. Wakili amepiga simu Ijumaa akasema hongera, nyumba ni yenu. Nikamuuliza funguo nije kuchukua wapi. Akacheka. Akasema mama, funguo si unazo?

Basi nilirudi kutoka kazini, nikafungua mlango uleule kwa ufunguo uleule, nikakaa kwenye ngazi na koti langu. Nilidhani nitahisi kitu. Nilichohisi ni kwamba ngazi ya tatu bado inalia.

Miezi hii ilikuwa mirefu, ndiyo maana nimeandika kidogo kidogo. Mthamini wa bei ya nyumba alipokuja na kupima mpaka uwani, Mair alitoka akasimama kwenye baraza lake na taulo la vyombo mkononi. Mthamini, asiyejua kitu, akamwambia kwa furaha, "Jirani yako ananunua. Laiti nawe usingechelewa, mama." Mair akaingia ndani. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini nimefanya, Gethin. Oktoba ukitoka utaingia kwenye nyumba yako. Tutapita mlango wa nyuma mwanzoni, watu wazoee. Nimeshafikiri kila kitu. Kiti chako nimekisogeza upande wa dirisha la bustani ili usikae karibu na ukuta wa Mair.

Ofisa atakayekusimamia ukitoka, Bi Lowri, ameniita Jumanne tuzungumze. Nadhani ni kuhakikisha kuna kitanda.

Nerys

*

Cwm Helyg, 4 Juni 2019

Gethin,

Nimetoka kwa Bi Lowri. Naandika nikiwa kituo cha basi, kwa sababu nikifika nyumbani nitapiga kelele na Mair atasikia.

Nilimwambia kitanda kipo, mashuka yapo, na nyumba sasa ni yetu. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Mumeo hajakwambia?"

Nikasema, "Kuniambia nini?"

"Kwamba haruhusiwi kuingia mtaa ule. Mama wa marehemu aliomba, na ombi limekubaliwa. Hatalala pale, hatapita pale. Akionekana hata kwenye kona ya duka atarudishwa gerezani. Nilimweleza mwenyewe Oktoba."

Oktoba, Gethin. Kabla ya barua yako ya kwanza kuhusu nyumba.

Nimekumbuka maneno yako yote. Utakaa, utapanda, utazeeka. Hukuandika hata mara moja tutakaa. Mimi mjinga nikadhani ni namna yako ya kuzungumza.

Sasa nisikilize nawe. Bi Heledd alipokuja Desemba hakuja kunywa chai. Alikuja kunipa nyumba. Nyumba ndogo isiyo na ghorofa, imesimama peke yake, ng'ambo ya mto, karibu na kituo cha afya. Kodi ileile. Akasema, "Nerys, hakuna binadamu anayepaswa kuishi hivi, wewe wala Mair. Sema ndiyo, nakuhamisha kabla ya Pasaka." Nilikwenda kuiona. Ina jiko la manjano. Nilisimama katikati ya jiko lile, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nikavuta pumzi mpaka chini ya tumbo, kwa sababu hakukuwa na mtu wa upande wa pili wa ukuta.

Nikamwambia hapana. Unajua kwa nini? Kwa sababu mume wangu yuko kifungoni, na kinachomweka hai ni kurudi kwenye nyumba yake. Nilisema nitavumilia ukuta kwa ajili yako.

Siipendi nyumba ile, Gethin. Niliipenda. Niliipenda wakati sisi tusio na mtoto tulikuwa na mtoto wa jirani anayeingia bila kubisha hodi na kufungua friji. Sasa kila nikifungua friji hiyo namwona.

Ile ng'ambo ya mto wamepewa watu wengine. Mimi si mpangaji tena, siwezi kuomba nyingine. Nikiuza kabla ya miaka mitano, punguzo wanalidai, na mkopo utanila mifupa. Umeninunulia kifungo kirefu kuliko chako.

Basi limekuja.

Nerys

*

Gerezani, 9 Juni 2019

Nerys,

Nimesoma barua yako mara nyingi mpaka Dilwyn akaniondolea mkononi.

Ni kweli nilijua. Lowri alikuja Oktoba, tukakaa kile chumba cha viti vilivyofungwa sakafuni. Akaniambia sharti. Nikamuuliza, "Milele?" Akasema, "Mpaka kifungo chako kimalizike chote, nusu ya ndani na nusu ya nje. Baada ya hapo sheria haitakuzuia. Utajizuia mwenyewe." Nikamuuliza kama Mair aliandika ombi au alisema kwa mdomo. Akasema, "Alisema. Alisema sentensi moja tu: nilimfungulia mlango miaka kumi na tisa, sitaki kumsikia akifungua wake."

Nikarudi selo nikakaa. Nikafikiri, basi, mimi nimekwisha pale. Nerys abaki na nini? Nikikwambia sirudi, hutanunua. Utasema nyumba ya nini peke yangu. Halafu watakuhamisha, na utakuwa umepoteza mpaka ngazi ya mlangoni kwa ajili yangu. Nilitaka ununue kwanza, ndipo niseme. Nilipanga kusema kila wiki. Kila wiki uliandika habari za mashuka na mvua, nikaona nisubiri barua moja zaidi.

Ile siku ulipovua viatu mlangoni, niliishi nayo humu. Nilidhani bado uko mlangoni pale.

Hukuniambia juu ya jiko la manjano. Sikulaumu. Ungeniambia, ningekwambia nenda, nenda leo. Haki ya Mungu ningekwambia.

Usipotaka kuandika tena nitaelewa.

Gethin

*

Gerezani, 21 Julai 2019

Nerys,

Hujajibu. Emrys anasema u mzima, na unakwenda kazini. Hilo linanitosha, si kwamba linanitosha, lakini basi.

Dilwyn ameachiwa. Selo imekuwa kubwa.

Gethin

*

Hosteli, 13 Oktoba 2019

Nerys,

Nimetoka Jumatano. Emrys alinileta huku, mji wa upande wa pili wa mlima. Chumba kina dirisha moja na sheria kumi na mbili ukutani. Natakiwa niwe ndani kabla ya saa moja jioni kama mwanafunzi wa bweni. Lowri amenitafutia kazi ya plasta kwa fundi mmoja asiyeuliza maswali.

Jana nilipanda mlima mpaka kwenye mnara. Ukisimama pale unaona bonde letu, lakini si mtaa, kuna bega la mlima linaziba. Nilikuwa nakodoa macho nikadhani labda nitaona paa. Nilishuka mbio, maana nilitambua kwamba nikiteremka upande ule nitakuwa njiani kuvunja sharti. Kule ndani kulikuwa na ukuta, nikaujua. Huku hakuna ukuta na siwezi kwenda popote.

Nina swali moja, na ukitaka liache bila jibu. Miaka mitano ikiisha, utauza? Utakuja tukae mahali pengine, hata chumba kimoja?

Gethin

*

Cwm Helyg, 10 Novemba 2019

Gethin,

Sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ilipopungua nilikuwa na aibu, na aibu nayo ikawa mazoea. Nilikuwa nakusikitikia kana kwamba u mtoto, nikaficha. Wewe ukanisikitikia vilevile. Miaka ishirini na sita kitanda kimoja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake unataka nini.

Nakuandikia leo kwa sababu ya jambo la Alhamisi.

Nilikuwa namenya viazi mchana, mlango ukabishwa. Mlango wa mbele. Nikafungua, Mair. Amevaa aproni, nywele hajachana. Sijamwona karibu hivyo tangu mazishi. Amekonda, Gethin.

Akasema, "Umenunua."

Nikasema, "Nimenunua."

"Kwa hiyo huondoki."

"Hata nikitaka siwezi, Mair. Nimekwama."

Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia bei aliyoitegemea. Sikujua nimkaribishe au nisimkaribishe. Akaniondolea tabu, akaingia mwenyewe mpaka jikoni, akasimama mbele ya friji, hakuifungua.

Akasema, "Ni mimi niliyemwambia Heledd akuhamishe. Nilikwenda ofisini kwake mara tatu. Nikamwambia mwanamke yule akiwasha taa naona, akifungua bomba nasikia, nitapata wazimu. Akaniahidi. Halafu ukakataa. Nikasema, shetani gani huyu, mumewe ameua mwanangu na yeye ananunua ukuta wangu."

Nikamwambia, "Sikukataa kwa kutaka, Mair." Nikamweleza yote. Jiko la manjano, barua zako, Bi Lowri. Nilidhani atafurahi kwamba tumeumia. Hakufurahi. Alivuta kiti akaketi, akachukua kisu changu, akaanza kumenya viazi. Unajua anavyomenya, ganda jembamba kama karatasi.

Baadaye akasema, "Msichana wa dukani anasema zile nyumba za juu zimeingia watu wapya. Wazuri, wenye watoto. Juzi mmoja wao alinisimamisha njiani, mkarimu kweli. Akaniuliza, 'Na wewe mama, una watoto wangapi?'"

Kisu kikasimama.

"Nilishindwa kumjibu, Nerys. Nilisimama na mkoba wangu kama mjinga. Nikisema sina, nimemkana. Nikisema mmoja, atauliza yuko wapi. Nikarudi nyumbani nikafikiri: ungeondoka, wangeniletea watu kama hao hapa, ukuta kwa ukuta. Kila siku wangeniuliza kitu. Wewe huwezi kuniuliza."

Nikasema, "Siwezi."

"Unajua alipenda maziwa ya baridi na mkate wa siagi. Unajua alivunja kioo chenu cha uani kwa mpira akakimbilia kwangu akasema ni upepo."

"Ulikuwa upepo wenye miguu ya raga," nikamwambia. Na akacheka. Cheko fupi, baya, kama kikohozi. Halafu akalia, nami nikalia, viazi vikawa vyeusi kwenye sinki.

Alipoondoka alisimama mlangoni akasema neno kwa ajili yako, na nakuandikia kama lilivyo: "Yeye sitamsamehe, usiniombe. Asikanyage hapa hata kifungo kikiisha." Nikamwambia nitakueleza. Akasema, "Lakini wewe ukichelewa kurudi jioni, naona dirisha lako ni jeusi, naogopa. Sijui kwa nini. Washa taa."

Sasa swali lako. Kama ungeniuliza Juni ningekwambia nitauza siku ile miaka mitano inapotimia, saa ile ofisi inapofunguliwa. Leo sijui. Sisemi nina furaha hapa. Nikiamka bado kifua kinabana, na mkopo unang'olewa kila mwezi kama jino. Lakini kuna mtu upande wa pili ambaye hana kwa kwenda, na mimi sina, na tumejuana.

Wewe sikuachi. Nilitaka kukuacha, nikaona sina mahali pa kuanzia. Kila Jumapili nitapanda basi la saa nne nije huko. Tutakula pamoja, cawl, ile supu yetu ya kondoo, nitakuja nayo kwenye chupa ya chai, na tutaongea, Gethin, tutaongea kweli, usiniambie habari za mashuka nami sitakwambia za mvua. Kisha nitarudi mapema. Siku hizi giza linaingia upesi, na kuna mtu anaangalia dirisha langu.

Nerys